Nimeachana na Eddy, najifunza King

Najua nimeadimika humu ndani, wengine mmeshaanza kunisema kwamba blogu imeota magugu. Zamu jamani! Wiki iliyopita nilikuwa nazo nne za usiku mfululizo, na ukitoka zamu ya usiku huku ndiyo siku imekwisha, unalala jua limetoka (kama lipo), unaamka limeshazama.

Leo nimekaa kuandika kwa sababu ya shangazi. Juzi kanipigia, salamu kidogo, habari za baridi kidogo, halafu kimya, halafu akasema, "Mwanangu, nimesikia unacheza gemu." Kwa sauti aliyoitumia ungedhani kasikia nakunywa gongo. Nikamuuliza nani kakwambia, akasema watu. Watu! Nawajua hao watu, wapo wawili na wote wanasoma hapa. Basi badala ya kujibu mmoja mmoja najibu kwa wote: ndiyo, nacheza. Mwanamke wa miaka 36, muuguzi mwenye shahada yake, nikitoka kazini nakoga, nakula, nawasha PlayStation, napigana Tekken na watu nisiowajua saa moja au saa moja na nusu hivi, kisha nalala. Si kila siku. Na hela ya mama haijapungua hata senti, kama hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa wasioijua (shangazi hii yako): Tekken ni mchezo wa kupigana, watu wawili kwenye luninga, kila mmoja na padi yake. Padi ina vitufe vinne vya kupigia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, basi. Raundi moja sekunde 60, wa kwanza kushinda raundi 3 ndiye bingwa. Hii ninayocheza ni ya nane, ilitoka Januari 2024 ikiwa na watu 32 wa kuchagua, na kila mtu ana mapigo yake zaidi ya mia, kwa hiyo kumjua mmoja tu vizuri ni kazi ya miezi. Siku hizi huhitaji mtu wa kukaa naye kochi moja. Unaunganisha intaneti, mashine inakutafutia mpinzani, huyu Mfaransa, huyu Mtaliano, huyu yupo Birmingham hapo lakini hutamjua daima.

Lakini mie sikuanzia huku. Mimi na Tekken tulianza Tanga, Ngamiani, mwaka 2001 hivi, enzi za Tekken 3. Kulikuwa na kibanda cha gemu karibu na kwetu, bati juu, pazia la khanga mlangoni ili jua lisipige kwenye vioo, ndani luninga tatu na PlayStation tatu zilizochoka, na moja mpaka igeuzwe chali ndipo isome CD. Wa umri wangu mnaijua hiyo. Gemu shilingi 50, anayepigwa ananyanyuka, anayeshinda anabaki palepale na kulipiwa na wajao. Msichana nilikuwa peke yangu. Aliyenipeleka ni mdogo wangu, tumepishana mwaka mmoja na kidogo, na kwa kuwa yeye alikuwa na jina pale ndani hakuna aliyethubutu kunifukuza. Mama alijua tumetumwa mafuta ya taa. Samahani mama.

Mie nilikuwa mtu wa Eddy. Eddy Gordo, Mbrazili, anapigana kapoera, mateke yanazunguka juu chini kama feni. Sifa yake kubwa ni kwamba hata asiyejua kitu akibonyeza vitufe viwili vya miguu kwa fujo, Eddy anafanya mambo, watu wanashangilia, na wewe mwenyewe unajiona fundi. Mdogo wangu alikuwa mtu wa King. King ni mpiga mieleka, kavaa kinyago cha jagwa, yule mnyama kama chui wa Amerika, haongei, ananguruma tu. Kazi yake kukamata. Anakukamata, anakuzungusha, anakurusha, na ukidhani yamekwisha anakukamata tena humohumo kabla hujagusa chini. Mdogo wangu alinikamata na King miaka minne mizima mpaka nikaenda bweni. Nilikuwa namwita mwizi. "Huyo hapigani, anaiba!" Naye anacheka, ananiambia, "Dada, angalia mkono." Kila mara hivyohivyo, angalia mkono, angalia mkono. Mie nikajua ananikejeli.

Basi, mwaka 2024 nikiwa hapa Leicester, peke yangu, sina mtoto sina mume wa kunizuia, nikanunua PlayStation 5 na Tekken 8. Eddy hakuwemo! Walimwongeza mwezi wa nne, na wanamuuza kwa hela ya pembeni, watu wa biashara hawa. Nikamnunua siku hiyohiyo. Nikacheza na Eddy wangu mpaka nikafika daraja linaloitwa Garyu, la rangi nyekundu, ambalo si la mabingwa lakini si la wanaoanza. Mwenzangu wa nyumba ni muuguzi pia, dada wa Kerala, yeye akipita sebuleni anauliza tu "umeshinda?" anaenda zake jikoni. Maisha matamu.

Mwaka huu nikamwacha Eddy nikaanza King.

Jamani. Sijui niwaelezeje. Ni kama mtu aliyezoea kuandika kwa mkono wa kulia ukamwambia kuanzia leo kushoto, halafu mtihani ni sasa hivi. Vidole vyangu vinajua Eddy. Nikishtuka, nikipigwa, nikiona nafasi, vidole vinabonyeza Eddy, sasa kwa King mwendo uleule unatoa kitu kingine kabisa, unarusha teke refu la kizembe huku mwenzio anakutazama, anakusubiri umalize, anakupiga. Siku ya kwanza mtandaoni nilipigwa mara 17 mfululizo. Kumi na saba, nilihesabu. Kuna mmoja baada ya kunipiga mbili hata hakutaka ya tatu, akaondoka. Aliniumiza kuliko walionipiga.

Kukamata kwa King si kubonyeza tu. Lile kamata lake maarufu la kukuzungusha kwa miguu, inabidi uende mbele, halafu nyuma, uteleze kwa chini nusu duara mpaka mbele tena, ndipo ubonyeze mkono wa kushoto, yote kwa kufumba na kufumbua. Na mkipishana ukawa upande wa pili wa luninga, kila kitu kinageuka, mbele inakuwa nyuma. Kwa hiyo mazoezi yangu yakawa hivi: kabla ya kuingia mtandaoni naenda chumba cha mazoezi, mpinzani kasimama tu kama mnazi, namkamata mara 50 nikiwa kushoto, mara 50 nikiwa kulia. Ikikosea moja haihesabiwi. Kidole gumba kikaota sugu, nikienda kazini nikivaa glavu nahisi.

Kuna kitu kimoja cha hii Tekken mpya nimekipenda sana. Ukishapigwa, unaweza kurudi kutazama pambano lako, ukasimamisha palepale ulipoharibu, ukashika padi ukaingia ndani yake na kujaribu njia nyingine. Nilipokuwa nikitazama mapigano yangu ya King niliona kitu cha aibu. Kila nilipopigwa ngumi mbili tatu, mara moja nilijaribu kukamata. Kwa hasira. Kila mara! Na mpinzani mwenye akili anajua, anachuchumaa tu. Kamata karibu zote zinapita juu ya aliyechuchumaa, King anabaki anakumbatia hewa, mikono wazi kifua wazi, naye anainuka na kumchapa kadiri apendavyo. Mie siku zote nilidhani King ni mtu wa kuvizia kwa raha zake. Kumbe kila akinyoosha mkono kaweka shingo yake mezani. Ili mtu asichuchumae lazima kwanza umtie hofu na mapigo ya katikati, yanayompata aliyechuchumaa, umpige, umpige tena, usubiri, mpaka aogope kwenda chini, ndipo umkamate amesimama. Subira tupu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi wakati ule, nani alimfundisha?

Kidogo niwape habari za kazini, maana mama huwa analalamika kwamba siandiki za kazi. Nimehamishwa wodi. Miaka mitatu nilikuwa wodi ya mifupa, magoti na nyonga, nikifumba macho najua kila kitu kilipo. Sasa nipo wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku, na wiki ya kwanza nilikuwa yule dada anayeuliza ufunguo uko wapi. Hapa kumeza tu ni elimu nzima, mgonjwa mpya hapewi hata maji kabla hajapimwa kama anameza salama, maana yakienda njia ya mapafu ni balaa. Nilikumbuka mwaka ule nimefika Uingereza, na shahada yangu ya miaka minne na miaka sita ya kazi Tanga na Dar, nikakaa kwenye ule mtihani wao wa vitendo, vituo 10, unaongea na mdoli. Nikaangushwa kituo kimoja, nikarudia. Nimefunga vidonda vya watu halisi mpaka nimechoka, halafu unaambiwa hukumwambia mdoli kwamba umenawa mikono. Nililia chooni, nikatoka, nikarudia, nikapita. Basi wodi mpya haikunitisha sana.

Sasa kwa nini King. Dada wa Kerala aliniuliza hilo, "wewe na Eddy wako mlikuwa mnaelewana, umepatwa na nini?" Nikamwambia nimechoka na Eddy. Nilimdanganya.

Wanaohusika wanajua, na wasiojua naomba msininyanyulie nyusi. Kuna hela nilituma ya kumalizia paa la nyumba ya mama. Mdogo wangu ndiye msimamizi. Mwezi wa tatu mwaka 2025 mtu mmoja akanitumia picha ya nyumba, paa hakuna, kenchi tu na anga. Nikaandika maneno. Nikiyasoma leo uso unawaka moto. Naye akanitumia sauti tatu kwenye WhatsApp, moja ya dakika saba nzima. Sikuzifungua. Nikajua ni visingizio, na mie kwa wakati ule nilikuwa nafanya zamu za ziada kila wiki, sikutaka hata kusikia sauti yake. Nikaanza kutuma hela kwa mama moja kwa moja, na yeye nikampa kisogo. Iddi ikapita. Harusi ya binamu ikapita, mliona wenyewe nilivyopiga simu ya video nikasalimiana na ukumbi mzima nikamruka yeye.

King nilimchukua kwa sababu hiyo. Wachezaji wanasema ukitaka kumjua mtu anayekusumbua usipigane naye tu, mcheze mwenyewe, utaona pale asipoweza. Nilitaka nikirudi nyumbani nimkalishe chini mbele ya watu, na mtu wake huyohuyo, nimkamate mpaka aseme basi. Mwanamke wa miaka 36. Shangazi, hilo ndilo ungenisema, si kucheza.

Sasa ikafika asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, usingizi umekataa. Nikaenda chumba cha mazoezi, safari hii nikageuza: yule mpinzani wa mazoezi nikampa King, nikamrekodia kamata tatu tofauti awe ananitolea kwa kuchanganya, nami nijifunze kuchomoka. Maana kamata za Tekken unaweza kuchomoka. Nyingine kwa kitufe cha mkono wa kushoto, nyingine cha kulia, nyingine vyote viwili kwa pamoja, na ukikosea umeliwa. Nilidhani ni kubahatisha. Nikabahatisha, nikaliwa, nikabahatisha, nikaliwa. Nikapunguza kasi nikatazama. Na pale nikaona. Mkono wake wa kushoto ukitangulia mbele, unabonyeza kushoto. Ukitangulia wa kulia, kulia. Ikija yote miwili, yote miwili. Inaonekana kabla hajakufikia! Ni kitambo kidogo mno, lakini inaonekana.

Angalia mkono, dada.

Niliweka padi chini. Miaka yote ile pale kibandani, mbele ya wale wavulana wote, kwa mashindano ya shilingi 50, alikuwa ananiambia jinsi ya kumshinda. Kwa mdomo wake. Na mie namwita mwizi.

Nikachukua simu nikazitafuta zile sauti. Ilinibidi nipande juu sana, chini yake hakuna kitu. Nikazisikiliza zote tatu, ile ya dakika saba mara mbili. Yaliyomo mengi ni yetu wawili. Hili moja mama kaniruhusu kulisema, kwa kweli kasema, "Liseme tu, kila mtu analijua isipokuwa wewe." Mwezi wa kwanza mwaka ule mama alianguka uani. Presha ilipanda vibaya, akalazwa siku tisa. Hela ya bati ndiyo iliyolipa kitanda, vipimo, dawa, na teksi za kwenda na kurudi. Na mama ndiye aliyemkataza mdogo wangu asiniambie, kwamba dada yenu akisikia atapanda ndege, atapoteza kazi, atapoteza kibali, na huku hatutapona kwa yeye kulia. Akaapishwa. Akanyamaza miezi miwili, mpaka nilipomwandikia yale maneno ndipo akavunja kiapo, akaeleza kila kitu, kwa utaratibu, na tarehe, na risiti akasema anazo kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Mwisho wa sauti ya tatu anasema, "Sasa dada ukishasikia usimwambie mama kama nimekwambia." Nami sikusikia.

Mie ambaye kila zamu natembea na mashine ya presha, kitanda hadi kitanda. Kila Jumapili nampigia mama namuuliza "presha umepima?" ananijibu mzima, nami naridhika, naandika kichwani mzima.

Na shangazi, wewe nawe ulijua. Tutaongea.

Sisemi mdogo wangu hana lake. Kuna pikipiki. Hiyo pikipiki haimo kwenye sauti yoyote ya zile tatu, na bado nataka kuisikia habari yake. Lakini itasikilizwa.

Nilikaa na simu mpaka saa sita mchana nikiandika na kufuta. Kuomba radhi kwa maandishi ni kazi ngumu, kila neno linaonekana ama dogo ama la kuigiza. Mwisho nikaandika mistari minne hivi, kwamba nimezisikiliza leo, kwamba nimechelewa, kwamba yale niliyoandika hayakuwa ya kumwandikia mtu, na kwamba Desemba nimepata likizo ya wiki tatu nakuja. Nikalala. Nilipoamka jioni kwenda kazini kulikuwa na jibu, maneno matatu tu: "Bado unacheza Eddy?"

Hatuwezi kucheza mtandaoni, niwaambie kabisa kabla hamjashauri. Watu wa Ulaya hapa karibu hakuna tatizo, lakini Tanga na Leicester ni mbali mno kwa mchezo huu. Ngumi ya haraka inachukua sehemu moja ya sita ya sekunde, sasa ishara ikishasafiri chini ya bahari mpaka huko na kurudi, mkono wa King utauona ukiwa umeshalala chini. Kwa hiyo nitakuja nayo mashine. Nimeshapima, inaingia kwenye begi la mkononi nikiacha viatu. Na padi mbili. Luninga ya mama ile ya sebuleni nadhani ina tundu lake, mwenye kujua aniandikie hapo chini.

Nilimjibu nikiwa kwenye basi. Nikaandika: "King." Tiki mbili za buluu zikatokea palepale, halafu ikaonyesha anaandika, ikaacha, anaandika, ikaacha. Mpaka nashuka kituoni hakuna kitu. Hiyo ni juzi.

Haya, mie nalala, kesho naanza tena saa moja na nusu. Wale watu wawili mnisalimie shangazi.